Siku Tisa Nilizonyamaza Kamuli

Nilipopangiwa kazi Kyerwa, nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo mlango haufungukii kwenye migomba. Nilipanga chumba Rubwera, nyuma ya duka la madaftari na sare za shule, mwendo wa dakika kumi kwa miguu hadi ofisi za wilaya. Uani palikuwa na sakafu ya saruji, kamba ya kuanikia nguo na tangi jeusi la maji. Asubuhi nikifungua mlango nakutana na ukuta. Miezi ya mwanzo nilikuwa naamka nikidhani nasikia majani ya migomba yakipigwa na mvua, kumbe ni bati.

Kwetu ni Muleba. Mama alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuo cha kilimo, na baba alikuwa ametangulia. Kaka zangu wakagawana kibanja, shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kama desturi yetu ilivyo. Mtoto wa kike hahesabiwi katika mgao huo, na mimi sikutegemea kuhesabiwa. Nilichotegemea ni kwamba kibanja kitaendelea kuwepo, kwamba siku nikipata likizo nitashuka pale njia panda, nipite katikati ya mibuni, nione moshi wa jikoni. Lakini kaka mkubwa aliuza sehemu yake, na ndiyo iliyokuwa na nyumba. Aliyenunua akakata migomba yote akapanda mikaratusi. Nilipita pale mara moja nikiwa kwenye basi la kwenda Bukoba. Nikanyoosha shingo dirishani, nikaona miti imesimama mistari kama wanafunzi wa gwaride. Abiria wa pembeni aliniuliza kama kuna mtu wangu nashukia hapo. Nikamwambia hapana.

Kazi yangu Kyerwa ilikuwa ya ugani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ugonjwa mmoja. Vitabu vya chuo vinauita mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Wakulima wanauita unyanjano. Jani changa linalegea na kuinama kama lililomwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva kabla ya wakati, tena unaiva ovyo, kidole hiki cha njano na jirani yake bado kibichi. Ukikata ndizi unakuta ndani imeoza na kugeuka rangi ya kutu. Ukikata shina na kusubiri kidogo, unatoka usaha wa njano hafifu. Mgomba ukifika hapo hauna dawa. Unaung'oa, na unahangaika na ule wa pili.

Mafunzo yangu ya kwanza Kamuli yalifanyika kwenye kibanja cha mwenyekiti wa kitongoji. Walikuja watu kama thelathini, wengi wao wanawake. Niliwaonyesha namna ya kuondoa ua dume, ule uvimbe wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu, kwa kutumia mti mrefu wenye panda. Nikiwa katikati ya maelezo, mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa juu ya jani kavu nyuma ya wenzake akanyoosha mkono.

"Bibi shamba, hilo ua linaning'inia tangu enzi za bibi yangu. Leo ndiyo limekuwa adui?"

"Siyo ua, mama. Ni wadudu wanaokuja kunyonya asali yake. Wanatoka kwenye mgomba mgonjwa na kuingia kwenye mzima, na ugonjwa wameubeba miguuni."

"Kama mtu aliyekanyaga tope akaingia ndani bila kufuta miguu."

"Hivyo hivyo."

"Sasa mbona usikate kwa panga, uko hapo unahangaika na mti?"

"Panga likishagusa mgomba mgonjwa linabeba ugonjwa. Huu mti unalizungusha ua mpaka linakatika lenyewe. Chuma hakiingii kwenye kidonda."

Aliinuka na kuja mbele. Akaunyakua ule mti mikononi mwangu na kulizungusha ua la mgomba uliofuata. Lilianguka mara moja. Mimi langu lilikuwa limenichukua majaribio manne. Watu walicheka, nami nikacheka.

Mafunzo yalipokwisha alinisubiri njiani. Alikuwa mjane, watoto wake wawili walikuwa wamehamia mbali kwa kazi na ndoa, na aliishi peke yake kwenye kibanja kilichoteremka kutoka barabarani hadi karibu na kijito. Aliniuliza kama nimekula. Nilipobabaika kujibu, alisema, "Basi hujala," akatangulia.

Tulikula ndizi na maharage. Alikuwa amezifunika kwa majani ya mgomba sufuriani, na alipofunua, mvuke ulitoka na harufu niliyokuwa sijainusa tangu mazishi ya mama. Siwezi kuieleza vizuri. Ni harufu ya jani lililolainishwa na moto, moshi wa kuni za mbuni na samli kidogo. Nilitia tonge la kwanza mdomoni. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Yule mama aliona.  Alinisogezea tu maji.

Tangu siku hiyo nilikuwa naenda kwake kila Jumamosi nisipokuwa na kazi. Bodaboda ilinishusha juu barabarani, nami nashuka kwa miguu. Yeye ni Mnyambo na mimi ni Mhaya, kwa hiyo kila mmoja alisema lugha yake na mwenzake akaelewa, na pale tusipoelewana tulicheka. Mimi nikisema wakola, yeye anajibu kwamba kwao shukrani ni webare, na kwamba nimekaa Kyerwa vya kutosha kujifunza. Kiswahili tulikitumia kwa mambo ya serikali tu: fomu, mbolea, orodha ya mahudhurio. Tukimaliza hayo tunarudi kwenye lugha zetu.

Nilimsaidia kupogoa mibuni. Nilimsaidia kutandaza nyasi kavu chini ya migomba. Kila mgomba alikuwa na habari yake. Huu ulitoka kwa mama mkwe wake. Ule alipewa na padri aliyehamishwa. Ile mitatu mirefu karibu na kaburi la mumewe ni embire, za kukamulia rubisi, pombe ya ndizi, na mumewe alizipanda wiki waliyooana. Alipokuwa akinisimulia, mimi nilikuwa nasikia kibanja cha kwetu. Nilifika mahali pa kujua kwa mguu wangu, bila kutazama chini, wapi kuna shimo na wapi kuna mzizi. Mara moja, nikiwa nachambua maharage mlangoni pake, nilijikuta namwita mama kwa lile neno la kwetu la utotoni ambalo nililitumia kwa mama yangu tu. Aliitika bila kushtuka.

Hayo yalidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Jumamosi moja nilifika nikamkuta jikoni. Nikamwamkia shikamoo kupitia dirishani, akaitika marahaba, akaniambia nishuke nikamletee majani mawili mazuri ya kufunikia. Nikateremka. Chini kabisa, kwenye ukingo unaopakana na njia ya kwenda kijitoni, kulikuwa na mgomba mmoja wa enchoncho, ndizi za kupika, uliokuwa na mkungu mkubwa. Jani lake changa lilikuwa limeinama.

Nilisimama mbali kidogo. Jani linaweza kuinama kwa sababu nyingi. Linaweza kuvunjwa na upepo, au mnyama akajikuna kwenye shina. Nikasogea. Vidole viwili vya chana ya juu vilikuwa vya njano. Ua dume lilikuwa limesinyaa na kuwa jeusi, maana huo mgomba ulikuwa haujaondolewa ua. Ukingo huo ulikuwa mbali na nyumba na mwenyewe magoti yalimsumbua, nami nilikuwa nimemwahidi kuuondolea wiki iliyotangulia nikasahau.

Nilikuwa na kisu changu cha kazi mkobani. Nilichuma kidole kimoja nikakipasua. Ndani kilikuwa na doa la rangi ya kutu kuanzia kikonyoni hadi katikati. Nikachanja shina, kidonda cha upana wa kiganja, nikakaa kwenye jiwe kusubiri. Nilikuwa nimefanya jambo hilo kwenye vibanja vya watu wengi, tena mbele yao, nikiwaeleza kwa sauti ya mwalimu. Siku hiyo nilikaa nikiomba kidonda kikauke. Zilipita dakika chache tu. Usaha ukaanza kujitokeza, matone madogo, kisha yakaungana yakawa mstari.

Kazi yangu ilinitaka nipande mpaka jikoni na kusema. Badala yake nilichukua jani kavu nikafunika kidonda, nikalifunga kwa kamba ya mgomba ili upepo usilipeperushe. Kisu nikakisugua kwa majivu ya jalalani, halafu nikakipitisha kwenye makaa aliyokuwa ameyatoa nje, yeye akiwa amenipa mgongo. Nikamkabidhi majani mawili kutoka kwenye mgomba wa juu. Tukala. Nilikula sana siku hiyo, nakumbuka, hadi akafurahi.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Si kwamba sikujua. Nilijiambia nitarudi na mtaalamu mwenzangu ahakikishe. Nilijiambia huenda ni ule mnyauko mwingine, wa kuvu, ambao hautoi usaha, wakati usaha nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mawili. Ukweli ni kwamba nilitaka Jumamosi nyingine moja. Nilijua nikishasema, pale patakuwa mahali pa kazi, na mimi nitakuwa bibi shamba aliyekuja kuamuru migomba ing'olewe. Sikuwa na kibanja kingine cha kwenda.

Nilinyamaza siku tisa.

Jumamosi iliyofuata nilimtumia salamu kwamba nina mkutano. Mkutano haukuwepo. Nilishinda chumbani Rubwera nikifua nguo zilizokuwa safi. Jumatatu ndipo niliposhindwa, nikaomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda hadi Kamuli.

Nilimkuta anafagia uani, amechangamka. Alinielezea kabla sijakaa kwamba jirani alikuwa na msiba na watu walikuwa wengi. Wanawake wa jumuiya walihitaji majani ya kupikia na kufunikia, basi yeye Jumatano aliteremka na panga lake akayakata majani upande wote wa chini, tangu ukingoni hadi kwenye mibuni ya katikati. Na kule ukingoni kulikuwa na mkungu uliowahi kuiva, akaukata pia kabla ndege hawajauvamia, ingawa ndizi zilikuwa mbovu akazitupa.

"Ulianzia wapi kukata?" nilimuuliza.

"Kule kule ukingoni. Nikapanda nao."

 Panga lilianza kwa mgonjwa, likapita kwenye mingine yote. Kwenye hiyo iliyokatwa Jumatano hakuna kitu ambacho kingeonekana siku hiyo. Unyanjano hukaa kimya ndani ya shina kwa wiki kadhaa. Lakini mimi nilijua kinachokuja, mgomba kwa mgomba, kama mtu aliyesomewa orodha.

Nikamwambia, "Mama, naomba tuzungumze. Katika kibanja chako nimebaini dalili za ugonjwa wa mnyauko wa migomba, na kwa mujibu wa taratibu..."

Aliacha kufagia.

"Mbona leo unaniongelesha Kiswahili?"

Sikuwa nimejua. Kilinitoka chenyewe, kile cha mikutano. Nikajaribu kurudi kwenye Kihaya, maneno yakawa hayaji. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Nionyeshe," akasema.

Tukateremka. Kufikia siku hiyo migomba mitatu ya ukingoni, iliyokuwa imeambukizwa na wadudu kabla ya panga, ilikuwa imelegea, ule wa kwanza umekauka nusu. Nikaanza kumweleza majani, nikaonyesha ua lililosinyaa kwenye wa pili. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaitazama ile kamba. Aliifungua taratibu kwa vidole vyake, akaliondoa jani kavu. Kidonda changu kilikuwa pale, kingo zake zimekuwa nyeusi, na usaha umekauka kama nta.

"Nani amechanja hapa? Panga langu halichanji hivi."

"Ni mimi, mama."

"Leo?"

"Si leo. Jumamosi ile uliyonituma majani."

Alihesabu. Nilimwona midomo ikitembea. Kijitoni kulikuwa na wanawake wanafua na mmoja wao alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Nilisubiri anifokee. Nilitamani anifokee.

"Siku hiyo tulikula," alisema.

"Ndiyo."

"Ukala ukashiba."

 Aliangalia juu, kule migomba ilikopanda hadi nyumbani, yote imepunguzwa majani vizuri kwa ajili ya msiba. Kisha aliniuliza ni mingapi itakufa. Aliuliza kwa Kiswahili, kigumu, akitafuta maneno. Nikamwambia huenda upande wote wa chini.

"Na zile za mzee?"

Alikuwa anasema zile embire tatu za kaburini. Zilikuwa upande wa chini.

"Huenda na zile," nikasema.

Tangu saa hiyo aliacha kunisemesha Kinyambo. Kiswahili chake kilikuwa cha darasa la nne na cha misa, na wakati mwingine alisimama katikati ya sentensi akitafuta neno ambalo angelipata upesi kwa lugha yake na mimi ningelielewa. Nilikuwa namsaidia kwa Kihaya. Alilikataa lile neno langu, akaendelea kutafuta lake.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Majirani walikuja, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe lake. Niliwasha moto katikati ya kibanja na hakuna panga lililotoka mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupita motoni. Tuling'oa, tukakatakata, tukarundika palepale bila kuburuta. Baada ya wiki mbili ukaanguka mwingine, kisha miwili, kisha safu nzima. Nilikuwa nafika karibu kila siku nikitoka ofisini. Sikuingia tena jikoni. Nilikuja na chupa yangu ya maji na chapati nilizonunua Rubwera, nikala nimesimama.

Zile embire za kaburini zilishika kwa kuchelewa. Tulikuwa tumeanza kuamini zimepona. Asubuhi moja yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Alikuwa amekwisha kuchanja, kidonda kidogo safi, na panga amelichoma kwanza. Alikuwa amekata kipande cha shina akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, jambo nililomfundisha mwezi wa kwanza wa kung'oa, na nyuzi nyeupe kama maziwa zilikuwa zinateremka ndani ya maji.

"Angalia," alisema. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Nataka mimi nikate."

Alizikata zote tatu. Alichukua muda mrefu, akipumzika kila mara na kuegemea jembe, na watu wazima wenye nguvu walikuwa wamesimama wanamtazama, hakuna aliyethubutu kumpokea. Alipomaliza alivuta kanga akafuta jasho la usoni, akaenda kukaa kwenye ngazi ya kaburi. Kutoka pale uliweza kuona hadi kijitoni, wazi kabisa, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana.

Upande wa juu ulipona. Kule chini akapanda maharage, na msimu uliofuata mahindi, kama nilivyomwelekeza. Alifuata kila nilichosema, neno kwa neno, na nilitamani anibishie.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Karagwe. Nilikwenda kumuaga, tukasimama uani. Aliniambia, "Nenda salama, bibi shamba." Nilikuwa sijasikia akiniita hivyo tangu yale mafunzo ya kwanza.

Karagwe nilipata nyumba yenye eneo dogo nyuma, na mwenye nyumba aliniruhusu kupanda. Nilichimba mashimo manne. Yalikaa wazi msimu mzima yakijaa maji ya mvua. Kila nilipopata miche safi nilimpa mtu mwingine. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni na mapema sana nafunga. Nilikuwa nikisikia hamu ya Kamuli mwilini kabisa, kama njaa, na ilikuja saa za ajabu: nikiwa nasaini kitabu cha mahudhurio, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilikuwa nimepoteza nyumbani mara mbili, na mara ya pili hakuna kaka wa kumlaumu.

Habari zake nilizipata kwa wenzangu wa Kyerwa. Walisema kuna mama mzee wa Kamuli anayezunguka vibanja vya watu na glasi yake na mti wake wa panda. Watu wakiona jani limelegea wanampigia jirani yake simu kabla ya kupiga ofisini. Walisema anajua kutofautisha unyanjano na ule mnyauko wa kuvu kwa kuangalia tu, akiwa amesimama njiani, halafu ndipo anakata kuhakikisha. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama namfahamu. Nikasema kidogo.

Baada ya miaka miwili nilipata safari ya kikazi Rubwera. Kazi ikaisha mapema nami nikajikuta namwambia mwendesha bodaboda Kamuli. Sikumkuta. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kule chini migomba michanga ilikuwa imefika kimo cha kichwa changu, mistari yake si mizuri sana, na majani yake hayana doa. Jirani aliyekuwa anaanika kahawa aliniambia wamemfuata asubuhi kutoka Bugomora, kuna mtu migomba yake inageuka njano.

Nikaenda Bugomora. Tulimwuliza mtu wa tatu ndipo tukafika. Watu kama kumi walikuwa wamesimama kwenye kibanja, wamezunguka mgomba, na yeye alikuwa amechuchumaa katikati yao ameshika glasi juu usawa wa macho ili mwanga upite. Magoti yalikuwa yamemzidi. Kando yake alisimama mwenye kibanja, mwanaume wa makamo na mkewe, wanamtazama usoni badala ya kuitazama glasi.

Hakuwasubirisha. Aliwaambia kwa Kinyambo, wazi kabisa, kwamba ndiyo, ni unyanjano, na kwamba leo hii kabla hawajala watang'oa hii miwili, na panga lolote lililokata hapa tangu mwezi uliopita lichomwe. Yule mke alianza kulia. Mama akamshika mkono kwa mkono wake usio na glasi. "Lia," alimwambia, "lakini leta jembe."

Alipoinuka ndipo aliponiona. 

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja."

"Basi washa moto," alisema. Kwa Kiswahili.

Niliwasha moto. Tulifanya kazi hadi alasiri. Yeye alionyesha mahali pa kukata, mimi nikapitisha mapanga kwenye ndimi za moto na kuyarudisha kwa wenyewe. Mahali pamoja alinisahihisha, kwa kuwa nilitoa panga mapema kabla halijapata joto la kutosha. Alikuwa sahihi. Watu wa kule hawakujua kwamba mimi ni mtaalamu, na sikuwaambia.

Tulipokuwa tunanawa mikono nilimwomba msamaha. Nilikuwa sijawahi kuomba kwa maneno. Siku zote nilikuwa nimefanya kazi nikidhani kazi itasema. Alisikiliza mpaka mwisho huku akijimwagia maji.

"Nilikasirika sana," alisema. "Si kwa migomba. Migomba hufa. Nilikuwa nawaza, huyu niliyempikia, aliniona mtu wa kufichwa?"

"Niliogopa nitakosa mahali pa kuja."

Alikung'uta maji mikononi. "Ungesema hivyo," akasema.

Siku hizi naenda Kamuli, si kila Jumamosi, ni mara moja kwa miezi miwili hivi, umbali ukiruhusu. Hupika, nami naingia jikoni, na ndizi ni zile za upande wa juu. Kiswahili kimepungua. Kuna siku tunasahau kabisa tunasema lugha zetu, kuna siku hatusahau. Ile siku alipopanda mche wa kwanza wa embire pale kaburini hakuniita, niliukuta umeshashika. Nyumbani kwangu Karagwe mashimo mawili kati ya yale manne yana migomba.

Jioni nikiaga, huwa anachukua kanga yake na kunisindikiza hadi juu barabarani, polepole kwa sababu ya magoti, nami namwambia asijisumbue. Anasimama pale mpaka bodaboda ipatikane, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Zamani hakuwa akifanya hivyo. Nilikuwa nikiondoka tu, yeye akiwa ndani anaosha sufuria, akinipigia kelele kupitia dirishani kwamba nifunge lango mbuzi wasiingie.